Kumhesabu Usiyemmiliki

Masomo ya wiki: Ayubu 39:26–30, 2 Samweli 24:1–10, Luka 12:6–7



Ayubu alilalamika kwa muda mrefu, na marafiki zake wakamjibu kwa muda mrefu zaidi. Hatimaye Mungu alipozungumza kutoka kwenye upepo wa kisulisuli, hakumweleza mtumishi wake kwa nini watoto wake kumi walikufa, wala kwa nini majipu yalimjaa tangu utosini hadi nyayoni. Alimtembeza. Alimwonyesha simba mawindoni, mbuzi wa majabali anayezaa bila mkunga, punda-mwitu asiyetaka kelele za mji, mbuni, na farasi wa vita. Karibu na mwisho wa sura ya 39 akamfikisha kwa mwewe, akamwuliza kama ni yeye, Ayubu, aliyemfundisha ndege huyo njia ya kusini.

Tukisoma upesi tunaweza kudhani kwamba kusini hapo ni pambo la ushairi. Sivyo. Aliyeandika maneno yale alikuwa ameinua macho akaona. Nchi za Biblia ziko kwenye njia kuu ya ndege wa kuwinda wanaotoka Ulaya na Asia kuja Afrika. Kila mwaka baridi inapokaribia huko kwao, mamia ya maelfu ya tai, mwewe na vipanga hupita juu ya Israeli, Yordani na Sinai, kwa kuwa ndege mzito huogopa kukata bahari pana. Wengine huzunguka kupitia Suez. Wengine hushuka Uarabuni na kuvuka mlango mwembamba wa Bab el-Mandeb, kati ya Yemen na Jibuti. Mwaka 1987, watazamaji waliokaa upande wa Jibuti walihesabu karibu robo milioni ya ndege hao katika msimu mmoja. Wakishavuka ni Ethiopia, kisha Bonde la Ufa, kisha sisi. Kusini ambako Mungu alimtajia Ayubu ndiko huku tuliko.

Kwa hiyo wiki hii nawaalika tulisome swali la Ayubu tukiwa upande wa pili wa safari, sisi tunaopokea wageni ambao Ayubu aliwasindikiza kwa macho.

Msiwachanganye wageni hawa na mwewe wetu wa kila siku, yule anayezunguka juu ya soko na uwanja wa shule, anayempokonya mtoto mkate mkononi na kuondoka na nyama ya mwenye bucha. Huyo ni mwenyeji wa mji kama sisi. Ninaowasema hupita juu zaidi, kimya, wakati mwingine juu kiasi kwamba jicho tupu linaona nukta tu. Hufika Oktoba na Novemba pamoja na mvua za vuli, na hurudi kaskazini Machi na Aprili masika yakianza. Yumo shakivale aliyezaliwa katika misitu ya Urusi au nchi za kaskazini mwa Ulaya. Yumo tai wa nyika za Kazakhstan na Mongolia, ndege mwenye mabawa marefu kuliko kimo cha mwanamume mrefu, ambaye akifika kwetu hushuka na kula kumbikumbi waliotoka ardhini baada ya mvua. Ndege wa kutisha namna hiyo anakula kumbikumbi! Wamo pia kozi wadogo wanaofuata nzige na panzi mashambani. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mkulima wa nafaka ana sababu ya kulikubali neno hilo kila vuli.

Uani kwangu hapa Nairobi hakuna cha kumvutia mgeni wa heshima: kamba za kuanikia nguo, tangi la maji, ukuta uliochomekwa vigae vya chupa, na kipande cha anga kati ya ghorofa mbili. Kipande hicho kinatosha. Mama mmoja jirani, anayeuza mboga langoni, aliniona nimesimama hapo na darubini, shingo nyuma, akaniuliza, “Mchungaji, vipi? Bwana anarudi leo na hukutuambia?” Tulicheka sana, ingawa swali lake lina asili nzuri. Katika Matendo 1:11 wale watu wawili waliovaa mavazi meupe waliwauliza Wagalilaya hivyohivyo, kwa nini wamesimama wakitazama mbinguni. Nilimjibu kwamba nahesabu ndege. Akauliza swali la pili, na hilo ndilo limezaa tafakari hii: “Ni wako?”

Kwa nini mtu amhesabu asiye wake? Tunahesabu kuku wetu wakiingia bandani, mbuzi wetu, fedha zetu, siku zilizobaki kabla ya kodi ya nyumba. Mwenye duka hufunga mahesabu jioni ajue kama ameibiwa. Lakini tai anayetoka Mongolia kwenda Tanzania na Zambia huwezi kumfunga, kumlisha, kumuuza wala kumtoza ushuru. Hata nyama yake hailiwi na watu wa Torati, kwa maana Walawi 11 na Kumbukumbu la Torati 14 zinawataja tai na mwewe kati ya ndege walio najisi. Hafai kwa chakula wala kwa sadaka. Na bado, Mungu alipotaka kumwonyesha Ayubu fahari ya kazi zake, ndege huyo asiyefaa madhabahuni ndiye aliyemtaja.

Biblia yenyewe haifurahii kila hesabu. Somo letu la pili linamweleza Daudi akiwa mzee na imara katika kiti chake. Anamtuma Yoabu, jemadari wake, kuhesabu watu kutoka Dani hadi Beer-sheba. Yoabu, ambaye hakuwa mtu mwenye dhamiri laini, anasitasita na kumwuliza mfalme anataka jambo hilo la nini. Mfalme anashikilia neno lake. Kazi inachukua miezi tisa na siku ishirini. Jibu linaletwa: wanaume 800,000 wa Israeli na 500,000 wa Yuda, wote watu wa kushika upanga. Mara tu baada ya kuipokea hesabu, moyo wa Daudi unamchoma, naye anakiri kwamba ametenda dhambi kubwa.

Wafafanuzi wamejadiliana sana juu ya dhambi hiyo. Mimi naona tutazame ni akina nani waliohesabiwa. Wanawake hawamo, watoto hawamo, wala mzee, kiwete na mjane. Wamehesabiwa wenye upanga. Daudi alitaka kujua uwezo wake. Aliwageuza watu wa Mungu kuwa akiba ya mfalme, na kila aliyehesabiwa alihesabiwa kwa kile alichoweza kumfanyia mwenye kiti. Kumbe Torati ilikuwa imeweka kinga. Katika Kutoka 30:12, watu wanapohesabiwa, kila mmoja atoe fidia ya nafsi yake kwa Bwana, nusu shekeli, tajiri asizidishe na maskini asipunguze. Sarafu ile ilimkumbusha mwenye kuhesabu kwamba wanaopita mbele yake wana Mwenyewe, na si yeye.

Basi kuna hesabu ya mwenye mali na kuna hesabu ya mchungaji. Ya kwanza huuliza, nina wangapi? Ya pili huuliza, nani hayupo? Yule mtu wa Luka 15 hakuridhika na 99 kwa sababu hakuwa anapima utajiri. Kama angekuwa anapima utajiri, hasara ya mmoja kati ya mia moja ingesameheka.

Nenda ukakae na watu wanaohesabu ndege wahamao, uone wana kanuni gani. Nimejifunza kwao mambo ambayo chuo cha theolojia hakikunifundisha kwa uwazi kama wao.

Kazi haianzi alfajiri. Ndege hawa husubiri jua lipashe ardhi, kwa hiyo hadi saa tatu au saa nne asubuhi anga huwa tupu. Mabati na lami vikishapata moto, hewa iliyo juu yake hupanda. Tai, ambaye hawezi kupiga mabawa kutoka Asia hadi Afrika Kusini bila kuishiwa nguvu, huingia katika hewa hiyo, akatandaza mabawa na kuzunguka, akiinuliwa bure mpaka awe nukta. Akifika juu hunyoosha safari na kuteleza kuelekea kusini, akishuka polepole, hadi akute hewa nyingine inayopanda. Bara zima huvukwa hivyo. Anayehesabu hujifunza kwamba ndege hawahesabiki wakiwa wanazunguka: wanapishana, mmoja anaonekana mara mbili, mwingine haonekani kabisa. Ni lazima usubiri watoke juu ya mzunguko na kunyooka katika mstari mmoja. Ndipo unahesabu, mmoja mmoja, au kumikumi wakiwa wengi. Mchungaji mwenye haraka ya kujua hali ya kundi lake siku ya msiba au ya ugomvi, watu wote wakiwa kizunguzungu, angefaa kujifunza subira hiyo.

Jambo jingine: anga safi ya buluu, ambayo sote tunaisifia, ni adui wa anayehesabu. Ndege walio juu sana hupotea ndani yake. Wingu jeupe likitanda nyuma yao, wanaonekana wazi. Kuna waumini ambao hatukuwahi kuwaona vizuri mpaka siku wingu lilipotanda nyumbani kwao, na hapo ndipo tulipogundua kwamba walikuwa wakipita mbele yetu miaka yote.

La tatu ni daftari. Mhesabuji mwaminifu huandika tarehe, saa, upepo, mawingu na idadi. Akikosa kumtambua ndege kwa sababu ya umbali au mwanga, hamfuti. Kuna safu maalumu ya ndege wa kuwinda asiyetambuliwa, naye anaingia humo na kuhesabiwa kama wengine. Na siku ambayo hakuna aliyepita, huandika sifuri. Sifuri si aibu. Bila sifuri, anayesoma daftari kesho hawezi kujua kama siku hiyo ndege hawakuja au mwenye daftari alilala. Nawaza mikutano yetu ya injili, ambapo uwanja wa watu elfu tatu huripotiwa kuwa umejaa elfu kumi, nami naona kwamba watazama ndege wanatushinda katika amri ya tisa.

Mtu anaweza kuuliza kama daftari la namna hiyo limewahi kumfaa yeyote. Limefaa. Huko Pennsylvania, Marekani, kulikuwa na mlima ambapo wanaume walipanda kila vuli ya huko kuwafyatulia risasi mwewe wanaohama, kwa mchezo tu, wakaacha mizoga imetapakaa chini ya miamba. Mwaka 1934, mwanamke aliyeitwa Rosalie Edge alikodi mlima huo, akamweka mlinzi, Maurice Broun, awazuie wapiga bunduki. Broun aliwazuia, na akiwa pale juu akaanza kuhesabu. Mlima huo sasa unajulikana kama Hawk Mountain. Miaka ilipita, daftari likaongezeka kurasa. Mwandishi Rachel Carson alipokuwa akiandaa kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu viuatilifu, alizikuta hesabu za mlima ule, na ndani yake kulikuwa na habari ya kutisha: tai wachanga walikuwa wanapungua. Wazee waliendelea kupita, lakini watoto hawakuwa wakifuata. Dawa ya DDT ilikuwa ikiingia katika chakula chao na kufanya maganda ya mayai yawe membamba hadi yakavunjika chini ya mama. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972. Risasi zilizuiwa na mlinzi aliyesimama njiani, lakini sumu ilifichuliwa na kurasa za mtu aliyekuwa akihesabu ndege wasio wake.

Hapa kwetu pia daftari limesema. Watafiti walilinganisha hesabu za ndege wa kuwinda zilizochukuliwa kando ya barabara za Kenya kati ya 1970 na 1977 na nyingine za kati ya 2003 na 2020. Kati ya aina 22 walizoweza kulinganisha, 19 zilikuwa zimepungua. Tai wa nyika, yule mla kumbikumbi, tangu 2015 yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Wanakufa kwa nyaya za umeme huko wanakozaliwa na huku wanakopita, na kwa mizoga iliyotiwa sumu na mfugaji aliyemkusudia fisi au simba. Hakuna kengele iliyolia walipopungua. Watoto waliozaliwa baadaye wanaliona anga hili tupu na kudhani ndivyo lilivyoumbwa. Wasingekuwapo watu walioendesha gari wakihesabu miaka hamsini iliyopita, hata sisi wazee tungeambiwa kumbukumbu zetu zinatudanganya.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu huko ndiko nilikoona Injili na ndege vikikutana. Mdogo kati ya wasafiri hawa ni kozi wa Amur, ndege wa gramu 150 hivi. Huzaa Siberia ya mashariki, Mongolia na kaskazini mwa Uchina. Hukusanyika kaskazini-mashariki mwa India, kisha huvuka India na kurusha mwili wake mdogo juu ya Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 3,000 bila mahali pa kutua, mpaka pwani ya Somalia. Kutoka hapo hupita Kenya na Tanzania kwenda kusini mwa Afrika. Watu wa Tsavo huwaona Novemba na Desemba wakiandamana na mawingu ya mvua.

Mwaka 2012 habari zilitoka katika kijiji cha Pangti, jimbo la Nagaland, India, karibu na bwawa la Doyang. Wanakijiji walikuwa wametega nyavu za samaki mitini ambako kozi hao walilala. Waliochunguza walikadiria kwamba kati ya ndege 12,000 na 14,000 walinaswa kwa siku moja, wakanyongwa, wakachomwa moshi na kuuzwa. Hesabu ilikuwapo pale, tena hesabu kubwa, ila ilikuwa ya gunia na bei. Jambo linalotuhusu sisi zaidi ni hili: wengi wa watu wa Nagaland ni Wakristo, Wabatisti. Nyavu zile zilitegwa na watu waliokwenda kanisani Jumapili.

Serikali, wahifadhi, mabaraza ya vijiji, shule na makanisa waliketi pamoja nao. Hawakuwatukana. Waliwaeleza ndege hawa wanatoka wapi na wanakwenda wapi, na kwamba aliyenaswa Doyang hatafika Afrika. Mwaka uliofuata, 2013, hakuna ndege aliyeuawa kwa nyavu Pangti. Novemba ya mwaka huo ndege watatu walifungwa vyombo vidogo vya kupokelewa na setilaiti, wakapewa majina ya huko: Naga, Wokha na Pangti. Dunia ikafuatilia safari yao juu ya bahari hadi Afrika. Waliokuwa wategaji wakawa walinzi na wenyeji wa wageni wanaokuja kuwatazama kozi wakitanda angani jioni.

Mwaka mmoja tu, wapendwa! Watu walewale, mikono ileile. Sisi hupenda kusema kwamba tabia ya kijiji haibadiliki, kwamba umaskini hausikii mahubiri. Watu wa Pangti walikuwa na shida za kweli, bwawa lilikuwa limemeza mashamba yao, na bado walibadilika. Kilichowageuza ni kuonyeshwa kwamba yule ndege ana safari na ana mahali anapongojewa. Hapa kwetu, Ngulia, ndani ya Tsavo West, tangu mwaka 1969 watu hukutana mwishoni mwa mwaka wakitega nyavu usiku wa ukungu, wakinasa ndege wahamao, wakiwavisha pete nyepesi mguuni na kuwaachilia. Nyavu Doyang, nyavu Ngulia. Tofauti ni kile ambacho mkono umekusudia baada ya kukamata.

Hapo ndipo tunapolifikia neno la Bwana wetu katika Luka 12. Sokoni siku zile, shomoro walikuwa kitoweo cha maskini. Mathayo 10:29 anatupa bei ya rejareja: wawili kwa senti moja. Luka anatupa bei ya jumla: watano kwa senti mbili. Piga hesabu. Wawili kwa moja, wanne kwa mbili, na wa tano? Wa tano ni wa nyongeza. Muuzaji amemtupia mteja juu ya mzigo ili arudi kesho. Hana bei. Na Yesu anasema kwamba hata katika hao hakuna mmoja aliyesahauliwa mbele za Mungu, na papo hapo anataja nywele za vichwa vyetu kuwa zimehesabiwa zote. Mungu ana safu ya wa nyongeza. Ana safu ya asiyetambuliwa. Kwake hesabu na kumbukumbu ni kitu kimoja.

Kenya ilipofanya sensa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, makarani walikwenda pia barabarani, kwenye vituo vya magari na chini ya vibanda, wakawahesabu wasafiri na wanaolala nje. Jumla ikawa watu 47,564,296. Sijui ni nani aliye yule wa sita mwishoni mwa namba hiyo, lakini nafurahi kwamba serikali ilimtafuta usiku. Kanisa lisifanye kidogo kuliko serikali.

Tuulizane basi, ndugu zangu, sisi tunahesabu namna gani? Kila Jumapili wazee wetu huhesabu sadaka wakiwa wawili au watatu, wakaandika na kutia sahihi. Ni vema. Huhesabu pia vichwa, na hesabu ikipanda tunatangaza kwa furaha. Lakini mji huu ni njia ya wapitaji. Kijana aliyekuja kutafuta kazi ya mjengo hukaa mtaani miezi mitatu, akaimba nasi, kisha kazi ikaisha akahamia Kitengela au Thika. Dada anayefanya kazi za nyumbani hubadilishwa na mwajiri, na hakuna anayeuliza alikokwenda. Mlinzi wa geti huingia ibada ya kwanza akitoka zamu, akakaa nyuma, akasinzia, akaondoka. Mkimbizi aliyetoka Kongo au Sudan Kusini huomba kwa lugha ambayo hatuifahamu. Wote hawa si hazina ya kanisa kwa hesabu ya Daudi: hawana ahadi kubwa ya ujenzi, hawamo katika kamati, na kesho wataondoka. Kwa hesabu ya Daudi hawamo. Kwa hesabu ya Mwana wa Daudi wamo tangu mwanzo.

Wala hatuwahesabu ili tuwazuie. Hapa tai anatufundisha jambo gumu kwa kila kiongozi wa kundi. Umhesabu, umwandike, umwombee mema, kisha umwache aende zake kusini. Mshirika akihama mtaa na kujiunga na kanisa jingine la Kristo, hajapotea. Amepita kwetu, na daftari letu liseme kwamba alipita akiwa mzima. Yeremia 8:7 inalalamika kwamba ndege wa angani wanajua nyakati za kuja na kurudi kwao, lakini watu wa Bwana hawajui. Mtu akijua njia yake, tumfungulie mlango na tumpe chakula cha safari.

Nawaombeni mambo matatu wiki hii, nayo yote yanawezekana.

La kwanza, mchana mmoja, kati ya saa nne na saa nane, toka nje dakika chache, utazame juu ya paa la nyumba yako. Toka na mtoto ukiwa naye. Mkiona ndege wakizunguka juu sana, subirini wanyooke, muwahesabu, mwandike. Msipoona chochote, andikeni sifuri. Mwenye kutaka kuendelea atapata wenzake: mjini Nairobi matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, yamewafundisha wengi, na hesabu za watu wa kawaida hupokelewa katika ramani ya ndege wa Kenya.

La pili, wenye mifugo na mashamba nyumbani mashambani, msitie sumu kwenye mzoga. Waambieni na ndugu zenu wanaowaangalizia mifugo. Sumu iliyomkusudia fisi mmoja huua tai waliokata mabara mawili, na huua mbwa wako, na inaweza kumfikia mtoto wako.

La tatu, viongozi wa ushirika wa nyumba kwa nyumba, fungueni daftari la mwaka huu. Msianze na waliopo. Tafuteni jina ambalo lilikuwapo Januari na halipo sasa, na kama hamkumbuki jina, tafuteni sura. Ulizeni kwa majirani, kwa mama mboga, kwa bawabu wa zamu. Mkiipata namba yake ya simu, mpigieni kabla ya Jumapili. Msimkaripie kwa kutoonekana, wala msimdai ahadi ya ujenzi. Mwambieni kwamba mlipohesabu hamkumwona, mkataka kujua kama alifika salama.

Bwana awabariki na kuwalinda.